Frederick Lincoln: Aliyeigeuza Taarifa ya Mwindaji Kuwa Hesabu ya Taifa

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 1 Septemba, 1914, katika bustani ya wanyama ya jiji la Cincinnati nchini Marekani, alikufa njiwa jike aliyepewa jina la Martha. Alikuwa wa mwisho wa jamii yake. Karne moja kabla ya hapo, njiwa hao wahamao walikuwa wengi kiasi cha kulifunika jua wanapopita, na hakuna aliyedhani kwamba wangeweza kwisha. Waliwindwa kwa bunduki na nyavu, wakasafirishwa kwa treni hadi masoko ya mijini, na misitu waliyozalia ikafyekwa. Hakuna mamlaka iliyojua ni wangapi waliokuwapo, wala ni wangapi waliouawa kila mwaka. Dalili za kupungua kwao zilipoonekana wazi, muda wa kuwaokoa ulikuwa umekwisha.

Katika mwaka huohuo, kijana wa miaka 22 alikabidhiwa sehemu ya ndege katika Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia la Colorado, mjini Denver. Jina lake lilikuwa Frederick Charles Lincoln. Sehemu kubwa ya utumishi wake uliofuata aliitumia kutafuta jibu la swali moja zito: serikali itawahesabu vipi ndege wasiotulia mahali pamoja, wanaovuka mipaka ya nchi bila kibali, na ambao maelfu ya raia wana haki ya kuwawinda?

Lincoln alizaliwa Denver tarehe 5 Mei, 1892. Aliujua utafiti wa ndege kwa kuufanyia kazi, kwa kuwafuatilia porini na kuwahifadhi katika makabati ya makumbusho. Utumishi wake katika jumba hilo ulikatizwa na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1918 na 1919 alilitumikia Jeshi la Marekani katika kikosi cha mawasiliano, akiwa mtaalamu wa njiwa wa kubeba barua. Vita vilipokwisha alirejea Denver, lakini hakukaa sana.

Wakati huo sheria za ndege zilikuwa zimebadilika. Mwaka 1916 Marekani ilitia saini mkataba na Uingereza, iliyosimama kwa niaba ya Kanada, wa kuwalinda ndege wahamao wanaopita kati ya nchi hizo mbili. Mwaka 1918 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuutekeleza mkataba huo. Biashara ya nyama ya ndege hao ilipigwa marufuku, uwindaji wa majira ya kuchipua ulikomeshwa, na mamlaka ya kupanga misimu ya uwindaji yakahamia serikali kuu. Kazi hiyo ilikabidhiwa Ofisi ya Uchunguzi wa Baiolojia iliyokuwa chini ya Wizara ya Kilimo. Ofisi ilikuwa na sheria mkononi, ila haikuwa na takwimu za kuiongoza katika kuitumia.

Mwaka 1920 ofisi hiyo ilimwita Lincoln Washington na kumpa jukumu la kuunda mpango wa taifa wa kuwavisha ndege pete. Njia yenyewe haikuwa ngeni. Tangu mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, alikuwa amewavisha kwezi pete za alumini zenye namba na anwani, na nchini Marekani lilikuwapo shirika la watu waliojitolea kufanya kazi hiyo. Kilichokosekana ni utaratibu. Lincoln aliweka mfumo wa namba ili pete mbili zisigongane, akabuni namna ya kutunza kumbukumbu, akaajiri na kusajili wavishaji pete wa kujitolea kote nchini, na akajenga ushirikiano na Kanada ili nchi zote mbili zitumie mpango mmoja. Yeye mwenyewe alitoka uwandani, ikiwamo katika bonde la Mto Illinois, ambako bata maji walinaswa kwa mitego, wakavishwa pete na kuachiliwa wakiwa hai.

Mpango huo ulimtegemea mtu mmoja ambaye hakuwa mwajiriwa wa serikali, naye ni mwindaji. Pete iliyo mguuni mwa ndege haisemi kitu hadi isomwe. Bata aliyevishwa pete kwenye ziwa la Kanada akipigwa risasi katika mabwawa ya Louisiana, namba yake ingepotea endapo aliyempiga asingeandika barua kuipeleka Washington. Kila barua iliyofika ilieleza mahali, tarehe na aina ya ndege, na karani aliilinganisha na kadi iliyoandikwa siku ndege huyo alipovishwa pete. Katika makabati ya ofisi ya Lincoln safari za ndege zilianza kuonekana, kadi baada ya kadi.

Mwaka 1930 Lincoln alichapisha waraka mfupi wa Wizara ya Kilimo ambao jina lake linatajwa hadi leo katika vyuo vinavyofundisha elimu ya wanyamapori. Alionyesha kwamba barua za wawindaji, zikiunganishwa na hesabu ya ndege wote waliouawa, zinaweza kukadiria idadi ya bata wote wa bara zima. Mantiki yake ni nyepesi. Tuchukue kwamba kabla ya msimu bata 2,000 wamevishwa pete, na katika msimu huo pete 240 zikarejeshwa. Hiyo ni asilimia 12. Iwapo wawindaji wote kwa pamoja waliua bata 3,000,000, basi idadi hiyo nayo ni kama asilimia 12 ya bata wote, na jumla yao inakaribia 25,000,000. Mtaalamu wa samaki wa Denmark, C. G. J. Petersen, alikuwa amewaza njia ya namna hiyo miongo kadhaa kabla, na ndiyo sababu kanuni hiyo sasa inaitwa kwa majina ya wote wawili, Lincoln na Petersen.

Hesabu hiyo inahitaji tarakimu tatu, na mbili kati yake hutoka kwa mwindaji: pete alizorejesha na ndege aliowaua. Mwindaji akificha, kosa lake haliishii kwake. Pete zikikaa mifukoni na kwenye kabati za nyumbani, asilimia inayopatikana huwa ndogo kuliko ilivyo kweli, na makadirio ya jumla hupanda. Serikali itaamini kwamba ndege wako tele, itaongeza siku za kuwinda, nao watazidi kupungua.

Hatari hiyo haikuwa ya kufikirika. Miaka ileile ukame mkali ulizikumba nyanda za kati za Marekani na Kanada, na vidimbwi ambako bata wengi wa bara hilo huzaliana vikakauka. Serikali ililazimika kukaza masharti. Kiwango cha bata ambao mwindaji mmoja aliruhusiwa kuua kwa siku, kilichokuwa 25 katika miaka ya 1920, kilishushwa hadi 15 mwaka 1930, na kufikia mwaka 1935 kilikuwa 10. Mwaka huo wa 1935 ilipigwa marufuku pia kuwavuta bata kwa nafaka au kwa kutumia bata hai waliofungwa. Kwa familia zilizozoea kitoweo hicho, na kwa wenye vilabu vya uwindaji, maamuzi hayo yalikuwa machungu, na wengi waliuliza serikali inapata wapi uhakika wake. Kadi za Lincoln zilikuwa sehemu ya jibu.

Mwaka 1934 ilianza kutumika sheria iliyomtaka kila mwindaji wa bata na bata bukini mwenye umri wa miaka 16 au zaidi kununua stempu maalumu ya dola moja, na fedha zake zikaelekezwa kwenye ununuzi na uhifadhi wa ardhi oevu. Mwaka wa kwanza ziliuzwa stempu 635,001. Sheria hiyo ilileta fedha, na baadaye ikaleta faida nyingine: serikali ilipata njia ya kuwafikia wawindaji wenyewe na kuwauliza maswali.

Mwaka 1935 Lincoln alitoa mchango wake wa pili mkubwa. Baada ya kuzipitia kumbukumbu za pete kwa miaka mingi, aliona kwamba ndege hawatawanyiki ovyo wanaposafiri. Alizichora njia kuu nne za uhamaji katika Amerika ya Kaskazini: ya pwani ya Atlantiki, ya Mto Mississippi, ya nyanda za kati, na ya pwani ya Pasifiki. Alieleza kwamba ndege hushikamana na njia ya wazazi wao. Maana yake kiutawala ilikuwa nzito. Bata wa njia moja wakimalizwa, wa njia nyingine hawaji kuziba pengo, na kwa hiyo wingi wa ndege katika jimbo moja si ruhusa ya kulegeza masharti katika jimbo jingine. Tafiti za baadaye zilibaini kwamba mipaka kati ya njia hizo si mikali kama alivyoichora, kwani ndege wengi huivuka. Hata hivyo, ramani yake ilikubalika kuwa msingi wa utawala, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 misimu ya uwindaji nchini Marekani imekuwa ikipangwa kwa kuifuata.

Mwaka 1940 ofisi yake iliunganishwa na ile ya uvuvi na kuwa Shirika la Samaki na Wanyamapori la Marekani. Lincoln aliuongoza mpango wa pete hadi mwaka 1946, akaendelea kulitumikia shirika hilo katika ngazi za juu za utawala. Aliandika pia vitabu na vijarida vya kuwaeleza wananchi wa kawaida uhamaji wa ndege, vilivyosomwa mashuleni na majumbani. Alifariki dunia tarehe 16 Septemba, 1960.

Aliuona mwanzo wa kazi aliyoitayarisha. Kuanzia mwaka 1952 serikali ilianza kuwatumia dodoso wanunuzi wa stempu waliochaguliwa kwa sampuli, ikiwauliza siku walizowinda na ndege waliopata. Mwaka mmoja baada ya kifo chake ukaanza utaratibu wa taifa wa kuwapelekea wawindaji bahasha zilizolipiwa ili warudishe bawa moja la kila bata waliyemuua. Wataalamu huyakagua mabawa hayo na kutambua aina, jinsia na umri wa ndege. Yakizidi ya ndege wachanga, ni dalili kwamba mwaka huo uzazi ulikuwa mzuri, na yakiwa machache ni onyo kabla ya msimu ujao.

Pengo moja lilibaki. Wanaowinda hua na ndege wengine wasio wa majini hawakulazimika kununua stempu, hivyo hawakufikiwa na dodoso. Tangu mwaka 1998, mpango unaounganisha majimbo na serikali kuu unamtaka kila mwindaji wa ndege wahamao ajiandikishe, atoe jina na anwani, na ajibu maswali machache kuhusu msimu uliopita. Majibu hayo ya awali si hesabu yenyewe. Huwagawa wawindaji katika makundi, kisha sampuli huchaguliwa na kuulizwa kwa kina. Anayejibu bila kujali huharibu mgawanyo huo tangu mwanzo. Kwa upande wa pete, namba ya simu isiyolipiwa ilianza kuchapwa juu yake katika miaka ya 1990, na idadi ya pete zinazoripotiwa ikaongezeka sana. Inaonekana wengi waliokuwa kimya walizuiwa na usumbufu tu.

Historia hii inaihusu pia Afrika Mashariki. Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama wa Mkataba wa Uhifadhi wa Ndege Maji Wahamao wa Afrika na Ulaya-Asia, uliofikiwa mjini The Hague mwaka 1995, ambao msingi wake ni kwamba nchi zilizo katika njia moja ya uhamaji zinawajibika kwa pamoja. Ngulia, katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, ndege wanaotoka Ulaya na Asia wamekuwa wakivishwa pete tangu mwaka 1969. Mwananchi anayemkuta ndege mwenye pete, awe hai au amekufa, anashika mkononi taarifa ambayo mtu wa nchi nyingine anaisubiri. Aisome namba, aandike mahali na tarehe, na aifikishe kwa ofisi ya wanyamapori iliyo karibu naye.

Lincoln hakuwa na ndege za kufanyia doria wala kompyuta alipoanza kazi mwaka 1920. Alikuwa na pete za alumini, kadi, na barua za watu asiowajua. Barua hizo zilitosha kuipa serikali tarakimu za kuamulia kwa sababu walioziandika walisema kweli, hata pale ukweli huo ulipoweza kuwapunguzia siku zao za kuwinda.