Sheikh Al-Amin Mazrui: Mwanachuoni Aliyetoa Darsa kwa Gazeti

Katika wanavyuoni waliozaliwa Mombasa, ni wachache ambao majina yao yangali yakitajwa mabarazani kama la marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi wetu twamjua kuwa alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na wengine twamjua kwa vitabu vyake vya kusomeshea watoto chuoni. Lakini liko jambo jingine alilolitenda kabla ya kupata cheo hicho, nalo lastahili kukumbukwa zaidi: yeye ndiye aliyewatolea Waislamu wa pwani gazeti la dini kwa lugha yao ya Kiswahili.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdalla, alikuwa mwanachuoni mkubwa, lakini alifariki mwaka 1894, mwanawe akiwa bado mdogo sana. Basi akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuwa kadhi. Alipokua alivuka kwenda Unguja kutafuta elimu, akakaa mbele ya mabahari wawili wa zama hizo, Sayyid Ahmed bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir. Wote wawili walifariki mwaka 1925, na kufikia hapo kijana wa Mombasa alikwisha kuwa mwanachuoni wa kutegemewa.

Ili tufahamu alilolifanya baadaye, yatupasa tutazame hali ilivyokuwa. Wamisheni walifika pwani yetu mapema. Krapf alishuka Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye yeye na mwenziwe Rebmann wakafungua misheni Rabai. Huko Unguja, Askofu Steere aliweka mtambo wa chapa, akapiga vitabu vya Kiswahili. Kabla ya karne ya 19 kwisha, Biblia nzima ilikwisha kupatikana kwa Kiswahili. Misheni zilikuwa na shule, zilikuwa na vitabu vya kusomea, na zilikuwa na magazeti yao madogo madogo. Mtu aliyekaa bara, ambaye hajapata kumwona padri kwa macho, aliweza kufikiwa na maneno ya padri kwa karatasi.

Waislamu nao hawakuwa wageni wa chapa. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, alileta mtambo wake mwenyewe. Lakini vitabu vilivyotoka humo vilikuwa vya Kiarabu, navyo vilisomwa na maulamaa. Mvuvi, fundi seremala, mchukuzi wa bandarini na mama wa nyumbani hawakuwa na fungu lao. Elimu ya dini ilikaa msikitini na katika darsa, na asiyefika huko aliikosa.

Mwaka 1923 likatokea jambo lililowagusa Waislamu wengi. Canon Dale wa misheni ya Unguja alitoa tafsiri ya Kurani nzima kwa Kiswahili, na maelezo yaliyofuatana nayo yalikusudiwa kuwasaidia wahubiri wa Kikristo. Kwa hiyo Mswahili Mwislamu aliyetaka kusoma maana ya Kitabu chake chote kwa lugha yake, alilazimika kukipokea mkononi mwa padri.

Wako waliojibu kwa kuyakataza mambo ya misheni yote, na chapa yao na shule zao. Sheikh Al-Amin aliona njia nyingine. Alikuwa akisoma Al-Manar, jarida la Sheikh Rashid Ridha lililotoka Cairo tangu mwaka 1898, na humo aliona jinsi mwanachuoni aliyekaa katika mji mmoja aweza kusema na Waislamu wa nchi nyingi. Alifahamu kuwa mtambo wa chapa hauna dini. Humtumikia yule anayeutumia, na asiyeutumia hubaki akisemewa na wenziwe.

Mwaka 1930 akaanza kutoa Sahifa. Jina lenyewe maana yake ni karatasi au ukurasa, nalo lilikuwa jina la haki, kwani halikuwa gazeti kubwa. Alilitoa kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, hati ambazo watu wa pwani walijifunza chuoni tangu utotoni. Hapo ndipo ulipo werevu wake. Hakumngoja msomaji ajifunze Kiarabu, wala hakumtaka kwanza aende shule ya serikali. Alimwendea pale pale alipo, na elimu ile ile aliyokuwa nayo.

Na alipomfikia hakumsifu. Makala zake zilikuwa fupi, nazo zilikata. Aliwalaumu Waislamu wenziwe kwa kufuja mali katika arusi na matanga, kwa kuiga mavazi na starehe za Wazungu huku wakiiacha elimu yao na bidii yao, na kwa kuwaacha watoto wa kike bila ya kusomeshwa. Wazee waliolalamika kuwa watoto wao wapotezwa na shule za misheni aliwauliza, kwa maana, wamejenga shule gani wao wenyewe. Maneno kama haya hayakumpendeza kila mtu. Hata miongoni mwa maulamaa hawakuwa wote pamoja naye, hasa alipoyapinga mambo aliyoyaona ni uzushi katika dini.

Mwaka 1932 akatoa gazeti la pili, Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Halikudumu sana. Mwaka huo huo alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu, cheo alichokaa nacho mpaka alipofariki mwaka 1947. Hata hivyo kalamu hakuiweka. Alitunga vitabu, akaandika kwa Kiarabu tarikhi ya ukoo wa Mazrui, na akaanza tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, ambayo mauti yalimkuta hajaimaliza.

Kazi hiyo hakuzikwa nayo. Wanafunzi wake wawili, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, walishika njia yake ya kuandika Kiswahili chepesi, na wote wawili wakawa Makadhi Wakuu wa Kenya. Sheikh Farsy ndiye aliyeitoa Kurani Takatifu nzima mwaka 1969. Mwanawe mwenyewe, Profesa Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 2014, mwaka 1986 alisimama mbele ya televisheni na kuusimulia ulimwengu habari za Afrika. Baba alitumia karatasi, mwana akatumia picha. Tabia ni ile ile.

Makala za Sahifa nazo zilikusanywa mwaka 1944 katika kitabu kiitwacho Uwongozi, na mwaka 2017 nyingi kati ya hizo zikatolewa tena kwa Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ni vyema hivyo, kwani vijana wetu wengi leo hawawezi kusoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na yaliyobaki katika hati hizo ni kama yamefungiwa sandukuni.

Leo darsa zaingia katika simu ya kila mtu, na sauti ya shehe wa mbali yasikika jikoni. Chombo tunacho, tena kuliko alichokuwa nacho yeye. Linalotupasa kujiuliza ni kama maneno tunayoyapeleka kwa chombo hicho yana uzito wa yale aliyoyaandika: yametoka kwa mtu aliyesoma, yamesemwa kwa lugha anayoifahamu kila mtu, na yamethubutu kumwambia rafiki kosa lake. Mwenyezi Mungu amlipe kheri Sheikh wetu, na atujaalie kuisoma kazi yake kabla ya kuisifu.