Selous: mfanyabiashara wa pembe aliyeanza kwa konzi ya baruti

MKULIMA wa Nangara anayepanda mahindi kwa mbolea ya DAP anakijua kizibo cha soda. Kizibo kimoja kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 5, na hizo zinatosha shimo moja. Anayetumia konzi badala ya kizibo humaliza mfuko kabla ya kumaliza shamba, na mahali pengine mbegu huungua kwa mbolea kuzidi.

Wiki hii tumtazame mtu aliyeanza biashara kwa konzi, nusura imuue, kisha akahamia kwenye kipimo. Mtu huyo ni Frederick Courteney Selous. Wengi wetu tumelijua jina lake kupitia pori la akiba lililopewa jina hilo mwaka 1922. Wachache wanajua kwamba kabla ya kuwa jina la pori alikuwa kijana mwenye mtaji mdogo, akitafuta faida katika bidhaa moja tu: pembe za ndovu.

Mtaji wa pauni 400

Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Septemba 1871, akiwa na umri wa miaka 19, alishuka Afrika Kusini akiwa na pauni 400. Alipopita kwenye machimbo ya almasi ya Kimberley akaibiwa bunduki yake nzuri ya mitutu miwili. Hapo akafanya kile ambacho mjasiriamali mdogo hufanya anapopoteza chombo cha kazi: alinunua cha bei nafuu. Alipata magobore mawili yaliyotengenezwa Birmingham kwa ajili ya kuwindia bata, kila moja kwa pauni 6.

Mwaka 1872 alifika Bulawayo kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, kuomba ruhusa ya kuwinda. Mfalme alimwona mtoto tu, asiyeweza kumtisha tembo, akamruhusu aende atakako. Porini alifundishwa kazi na mwindaji wa Kikhoikhoi aliyeitwa Cigar, na wakawa wakiwinda kwa miguu, maana ndorobo walikuwa wakiua farasi. Mfugaji wa Manyara hahitaji kuelezwa habari za ndorobo.

Kati ya mwaka 1872 na 1874 Selous aliua tembo 78, na wote isipokuwa mmoja aliwaua akiwa anatembea kwa miguu.

Konzi ya baruti

Magobore yale yalikuwa na uzito wa karibu kilo 6 kila moja. Risasi yake ilikuwa tufe la gramu 113 hivi, yaani ratili moja ya madini ya risasi ilitoa tufe 4 tu. Baruti nyeusi ilibebwa ikiwa wazi ndani ya mfuko wa ngozi. Mwindaji aliingiza mkono, akachota, akamimina mdomoni mwa bunduki, kisha akashindilia risasi juu yake. Kipimo cha kawaida kilikuwa kama gramu 35, karibu vizibo 7 vya soda, lakini mkono wa mtu anayemkimbiza tembo haupimi vizuri.

Siku moja bunduki iligoma. Fataki ililia lakini baruti haikuwaka. Katika purukushani, msaidizi wake alidhani imekwishapiga, akashindilia baruti na risasi nyingine juu ya zile za kwanza. Selous alipofyatua tena, alirushwa hewani akaangukia uso, kitako cha bunduki kikavunjika, naye akajeruhiwa. Alipona, lakini kwa miaka mingi baadaye alilalamika kwamba mateke ya magobore yale yalimharibia ulengaji, kwa sababu mwili ulizoea kushtuka kabla ya mlio.

Kwa macho ya mchumi, bei ya pauni 6 haikuwa gharama kamili ya chombo kile. Gharama nyingine ilikuwa baruti na risasi nyingi kwa kila mlio, muda wa kushindilia upya mnyama akiwa mbele yako, na bega la mwenye chombo. Ndivyo ilivyo kwa pampu ya bei ya chini inayokunywa mafuta, au mbegu ya kuokoteza isiyoota.

Ganda la shaba

Baadaye Selous alihamia kwenye bunduki iliyotengenezwa na George Gibbs wa Bristol. Ilibeba risasi moja kwa wakati, na ilifunguliwa kwa wenzo ulio chini, karibu na kifyatulio. Ukivuta wenzo, mlango wa nyuma unashuka. Unaingiza risasi, unarudisha wenzo, unapiga. Badala ya konzi, sasa baruti ilikuwa ndani ya ganda la shaba, na haikufika gramu 10. Risasi yake ilikuwa nyepesi mara kadhaa kuliko tufe la gobore, lakini ilikwenda sawasawa na kuingia ndani zaidi. Alitumia pembejeo kidogo na kupata matokeo bora.

Ganda hilo lilileta pia uchumi mwingine. Risasi kamili ina sehemu 4: ganda, fataki, baruti na risasi yenyewe. Tatu huisha kwa mlio mmoja, lakini ganda hubaki, na mara nyingi ndilo lenye thamani kubwa. Wawindaji wa zama hizo walioishi mbali na maduka walibeba vifaa vya kulijaza tena: wakitoa fataki iliyokwisha, wakaweka mpya, wakapima baruti, wakakaza risasi mdomoni.

Kazi hiyo haijafa. Mwezi Aprili 1909 Selous alifika Mombasa katika meli moja na Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kumaliza urais wa Marekani. Roosevelt alikuja kuwinda akiwa na Winchester ya modeli ya 1895, bunduki ya wenzo yenye tundu kubwa, inayobeba risasi kadhaa na kuziingiza moja moja kila wenzo unapovutwa. Risasi za bunduki za aina hiyo zilipoadimika madukani, wenye nazo huko Marekani walizidi kujijazia wenyewe, wakipima baruti kwa mizani ndogo kama ya sonara. Wanajua kwamba baruti ya kisasa isiyo na moshi ina nguvu kuliko ile nyeusi, na kosa dogo hupasua chuma cha zamani.

Hapa kwetu hilo si jambo la kujaribu uani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza silaha au risasi bila leseni, na gobore la kienyeji la kulindia shamba limo ndani ya katazo hilo. Tembo akiingia kwenye mahindi, pa kukimbilia ni ofisi ya wanyamapori.

Bidhaa inapokwisha

Chombo kilikuwa bora, lakini bidhaa ilikuwa inaisha. Kufikia mwisho wa miaka ya 1870 tembo walikuwa adimu katika maeneo aliyozoea. Yeye mwenyewe alikuwa sehemu ya sababu. Hakuna kipimo cha baruti kinachoweza kurudisha tembo aliyekwisha kuuawa.

Selous alibadili kazi. Mwaka 1881 alichapisha kitabu kilichompa jina Uingereza. Akaanza kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho, na kuongoza wasafiri. Si kila kazi aliyoshika ilikuwa ya kheri. Mwaka 1890 aliongoza uchongaji wa njia iliyopitisha kundi la kampuni ya Cecil Rhodes hadi mahali palipo Harare leo. Njia ile ilifungua mlango wa kuporwa ardhi ya Washona na Wandebele, ikiwamo nchi ya Lobengula, mfalme yule yule aliyempa ruhusa ya kuwinda alipokuwa kijana asiye na kitu.

Beho Beho

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alikuwa na miaka zaidi ya 60, lakini aliomba kupigana. Alikuwamo katika shambulio la Waingereza mjini Bukoba Juni 1915. Tarehe 4 Januari 1917, akiwa kapteni mwenye miaka 65, aliuawa kwa risasi huko Beho Beho, upande wa Rufiji, na kuzikwa hapo hapo. Kaburi lake sasa limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka pori la Selous mwaka 2019.

Pori hilo nalo lina hesabu yake. Katikati ya miaka ya 1970 eneo hilo lilihesabiwa kuwa na tembo zaidi ya 100,000. Mwaka 2013 walibaki karibu 13,000, baada ya majangili kufanya kwa bunduki za kivita kile ambacho Selous alianza kwa gobore.

Somo kwa Nangara

Tunayo masomo mawili hapa. La kwanza ni kipimo: pima mbolea, pima dawa, pima gharama yote ya chombo kabla ya kufurahia bei yake. La pili ni gumu zaidi, nalo ni kutazama kama kitu unachokiuza kitakuwapo kesho. Mwaka 2017, India ilipobana uagizaji, bei ya mbaazi ilianguka, na wakulima wa Babati waliotegemea mbaazi peke yake waliumia. Mwenye alizeti au kuku pembeni alikuwa na pa kushika.

Selous alitambua mapema kwamba pembe zinakwisha, akapata riziki kwingine. Tembo wale 78 hawakupata pa kwenda. Udongo wa shamba lako uko upande wa tembo, si upande wa Selous. Ukiukamua hadi uishe, wewe utahama, wenyewe utabaki hapo umechoka. Basi msimu huu, unapopima mbolea ya kuuza mahindi, tenga pia samadi ya kuulisha udongo.