Padre Alexis Kagame: Aliyeitafuta Falsafa Ndani ya Ngeli

Wamisionari wa Afrika, wale wale waliofika Karema mwaka 1885, waliingia Rwanda mwaka 1900. Huko ndiko alikozaliwa Alexis Kagame tarehe 15 Mei 1912, katika ukoo wa watunza siri na kumbukumbu za mfalme. Alipewa Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1941, akahariri gazeti la Kinyamateka, akaandika mashairi na historia. Kisha akapelekwa Roma, na mwaka 1955 akatunukiwa shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Kipapa cha Gregoriana.

Swali lake lilikuwa zito: je, muundo wa lugha hudhihirisha jinsi wasemaji wake wanavyoufahamu ukweli wa mambo? Aristotle alikwisha kuyapanga yote yaliyopo katika makundi kumi. Kagame, akizifuata ngeli za Kinyarwanda, alipata manne: umuntu, chenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna ya kuwa. Mzizi wao ni mmoja, -ntu. Msomaji wa Mpanda atawatambua ndugu zao wawili katika Kiswahili, mtu na kitu. Neno mahali, lenye asili ya Kiarabu, limeivunja safu hiyo.

Hoja yake juu ya kitenzi cha kuwa ndiyo yenye kina zaidi, kwa maoni yetu. Descartes alihitimisha kwamba kwa kuwa anafikiri, basi yupo. Kagame alionyesha kuwa katika lugha za Kibantu kitenzi hicho hakisimami peke yake: msikilizaji hungoja kuambiwa uko wapi, au u nani. Hata nipo yetu hubeba alama ya mahali.

Wakosoaji hawakukosekana. Paulin Hountondji wa Benin aliona kwamba Kagame alilipa taifa zima falsafa iliyokuwa yake mwenyewe. Pingamizi hilo lina uzito, kwani sarufi pekee haithibitishi ukweli: kipofu na kiongozi huvaa kiambishi cha vitu, wala hakuna anayedhani kwamba hawana akili.

Kagame hakuiacha kazi hiyo. Mwaka 1976 alitoa kitabu kingine, akizilinganisha lugha nyingi za Kibantu. Alifariki dunia jijini Nairobi tarehe 2 Desemba 1981.