Anselme Payen, aliyefungua siri ya kimea

Msikilizaji wetu wa Maneromango, Mzenga au Mlandizi, jambo hili unalijua kutoka jikoni. Uji mzito ukipoa kidogo ukatiwa unga wa kimea, baada ya muda mfupi hulainika na kuwa mtamu, ingawa hakuna aliyetia sukari. Waliotoa nguvu hiyo ndani ya kimea na kuionyesha ni wanakemia wawili. Mmoja wao ni Anselme Payen.

Payen alizaliwa Paris mwaka 1795. Baba yake alikuwa na viwanda vya kemikali. Mwaka 1815, kijana akiwa na miaka 20, alikabidhiwa kiwanda cha boraksi, bidhaa iliyokuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Uholanzi. Akabuni njia yake ya kuitengeneza, akauza kwa bei ya chini, nao wakapoteza soko. Baadaye akaingia kwenye sukari ya bitiruti, na mwaka 1822 akaonyesha kwamba makaa ya mifupa huisafisha ikawa nyeupe.

Mwaka 1833, yeye na Jean-François Persoz waliloweka kimea cha shayiri, wakachuja maji yake na kuyatia alkoholi. Ukatuama unga mweupe. Sehemu moja ya unga huo iliweza kugeuza wanga wenye uzito mara 2,000. Wakauita diastasi. Leo vitu vya namna hiyo tunaviita vimeng'enya.

Mwaka 1835 Payen aliacha biashara akawa mwalimu. Alifariki Paris mwaka 1871. Mwaka uliofuata, Cornelius O'Sullivan wa Ireland alithibitisha kwamba sukari ya kimea ni maltosi, yaani glukosi mbili zilizoshikana.

Hata mwilini mwetu kazi ni hiyo hiyo. Tafuna muhogo wa kuchemsha polepole, utasikia utamu: mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Kongosho huendeleza kazi, kisha utumbo mwembamba huitenganisha maltosi kuwa glukosi, ambayo huingia kwenye damu.

Hapa ndipo Payen anapofika kwa mtoto wako. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi humjaza maji, na uji mzito hawezi kuumeza. Ndiyo maana miaka ya 1980 watafiti wa lishe hapa Tanzania walihimiza kimea: uji unabaki na unga mwingi, lakini unanyweka.

Mama, zingatia haya. Usitie kimea uji ukiwa unachemka, kwa kuwa moto mkali huua nguvu yake. Usubiri upoe kiasi, tia kimea kidogo cha ulezi, koroga. Ukishalainika, urudishe jikoni uchemke tena ndipo umpe mtoto, maana mbegu zilizooteshwa hubeba vijidudu. Na kimea chenye ukungu ukitupe.