Askofu Muge: Askari Aliyeitwa Kuchunga



Katika toleo hili tumeona vema tukumbushane maisha ya mtumishi mmoja ambaye wazee wetu walimjua, lakini vijana wetu wengi hawajamsikia. Ni Askofu Alexander Kipsang Muge wa Kanisa la Anglikana, Dayosisi ya Eldoret, aliyefariki tarehe 14 Agosti 1990. Sisi tuliotoka Eldoret tulipita karibu na mahali alipofia, na wengi hatukujua. Ni kule Kipkaren, katika barabara ya Eldoret kwenda Webuye, barabara ile ile tuliyoikimbilia Januari 2008 tukiutafuta mpaka.

Tuna sababu ya kumkumbuka sasa. Majuzi kijana mmoja wa ushirika wetu alipigwa na askari njiani, akarudi nyumbani uso umevimba na mkono haunyanyuki. Tulifuatana na mama yake hadi ofisi fulani. Tukaambiwa turudi kesho. Kesho yake tukaambiwa mwenye faili hayupo. Tulirudi tukiwa na hasira, lakini pia na aibu, maana mbele ya yule afisa ulimi wetu ulikuwa mzito. Usiku tulijiuliza: sisi ni nani hata tuseme? Mkimbizi anayeomba ruhusa ya kila jambo atamkemea nani? Je, tulinyamaza kwa hekima au kwa woga? Ndipo tulipomkumbuka Muge.

Muge alikuwa Mnandi. Kabla ya kuitwa katika huduma alikuwa askari wa GSU. Aliyajua maisha ya kambi, amri na rungu. Baadaye akaacha kazi hiyo, akasomea theolojia, akawa mchungaji, na mwaka 1983 akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Eldoret.

Wapendwa, hebu tutafakari hapo. Mtu aliyewahi kuvaa sare ile angeweza kusema hafai kuwakemea askari. Lakini Musa naye alikuwa amemwaga damu ya Mmisri kabla ya kutumwa kwa Farao, na alilalamika kwamba hajui kusema. Paulo alikuwa amezitunza nguo za waliompiga Stefano mawe. Mungu hakungoja wawe watu wasio na doa wala wasio na hofu. Aliwatuma hivyo hivyo walivyo.

Dayosisi ya Muge ilikuwa na mashamba mazuri, lakini pia ilifika katika nchi kavu ya kaskazini. Watu wa Pokot Magharibi walipokumbwa na njaa, askofu alisema hadharani kwamba serikali imewasahau. Alisema pia juu ya wanyonge walionyang'anywa ardhi na juu ya viongozi waliotajirika kwa mali ya umma. Wakubwa hawakupenda.

Kisha ukaja mlolongo. Wazee mtakumbuka uchaguzi wa 1988. Katika mchujo wa chama cha KANU, wapiga kura walipanga mstari nyuma ya mgombea au mwakilishi wake, mchana kweupe, chifu akiangalia. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja bila kura ya siri. Mahali pengine mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Muge, pamoja na watumishi kama Askofu Henry Okullu, Askofu David Gitari na Mchungaji Timothy Njoya, aliupinga utaratibu huo.

Hatusemi Muge alikuwa malaika. Alikuwa mtu mkali, na kuna wakati alikosana hadharani hata na viongozi wenzake wa makanisa. Tunalisema hili ili asije mtu akadhani kwamba Mungu hutumia watu wasiokosea tu.

Mwaka 1990 ulikuwa mzito kwa Kenya. Mwezi Februari Waziri Robert Ouko alitoweka nyumbani kwake Koru, na mwili wake ukapatikana umeteketezwa. Tarehe 7 Julai, siku ya Saba Saba, watu waliotaka vyama vingi walipigwa na kupigwa risasi, na wapatao 20 walikufa.

Mwezi Agosti, Waziri wa Kazi, Peter Okondo, aliyekuwa mbunge kutoka Busia, aliwaonya Muge na Okullu hadharani kwamba wakikanyaga Busia watakiona cha moto na huenda wasitoke hai. Muge alikuwa na safari ya huduma huko. Angeweza kuiahirisha, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikwenda. Tarehe 14 Agosti aliingia Busia, watu wakampokea kwa furaha, akawahubiri. Akirudi Eldoret, gari lake liligongana na lori kule Kipkaren, akafa papo hapo.

Siku chache baadaye Okondo alijiuzulu. Dereva wa lori alihukumiwa kifungo cha miaka saba kwa kuendesha vibaya, naye akafia gerezani. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake 2013, ilisikia ushahidi kwamba kifo hicho kilipangwa. Hata hivyo, hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa kumuua askofu.

Sasa tuseme jambo gumu. Miongoni mwetu wapo waliopoteza jamaa katika kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilipochomwa moto tarehe 1 Januari 2008. Wapo ambao hadi leo wakisikia jina la Kikalenjin mioyo yao hufunga. Tunawaelewa, maana nasi tulikuwa hivyo. Lakini Muge alikuwa Mkalenjin, na Rais aliyetawala wakati ule alikuwa Mkalenjin. Angeweza kukaa kimya na kula na watu wa kwao. Alichagua kuwatetea waliopigwa na waliosahauliwa, bila kuuliza kabila. Hatuwezi kudai haki kwa ajili ya kijana wetu huku tukilihukumu kabila zima.

Tena tukumbuke tulivyopokewa. Tulipotolewa mpakani na kuletwa Mulanda, huku West Budama, wenyeji wa Kisoko na vijiji jirani hawakuuliza sisi ni kabila gani. Walituletea mihogo na kuni, nao wenyewe hawakuwa na kingi. Mungu hutunza watu wake kwa mikono ya wageni.

Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika machafuko yale, na kati yao 405 walikufa kwa risasi. Kwa hiyo tunajua vizuri maana ya askari kumgeukia raia. Hasira yetu si dhambi. Dhambi ni kuiacha igeuke chuki, au kuiacha ife tukazoea.

Basi tumeamua hivi. Tutarudi katika ile ofisi, na hatutakwenda peke yetu. Wazee wawili wa kanisa na mama mmoja wa umoja wa akina mama watafuatana nasi. Tumeandika tarehe, saa na mahali kijana alipopigwa, na tumechukua karatasi ya daktari. Tukiambiwa turudi kesho, tutaandika jina la aliyetuambia, na kesho tutarudi. Nanyi likiwapata jambo kama hili, andikeni mapema, msingoje.

Je, tunaogopa? Ndiyo, bado tunaogopa, na bado tunajiona wadogo. Lakini Muge alipoingia Busia alikuwa ameshasikia onyo. Kilichompeleka ni kwamba kondoo walikuwa wakimngoja.

Tuombe kwa ajili ya kijana wetu na mama yake. Tuwaombee pia askari, kwa maana kati yao Mungu aliwahi kumtoa mchungaji, na anaweza kumtoa mwingine. Amina.