Hugh Trowell: Daktari wa Mulago aliyehangaika miaka 15 na jina la ugonjwa wa watoto

Mitaa ya pwani kama Rahaleo, mjini Mtwara, mtoto akivimba miguu, nywele zikageuka rangi na uzito ukagoma kupanda, majirani huwa na jibu tayari: huyo kabemendwa. Maana yake wazazi wamevunja mwiko wakati mtoto bado ananyonya, au mama kashika mimba mapema.

Kliniki wanaandika kitu kingine kabisa. Wanaandika utapiamlo mkali, na kwenye toleo la kumi la orodha ya kimataifa ya magonjwa mtoto huyo anapewa namba E40. Namba hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Mmoja wa waliohangaika hadi ugonjwa huo ukakubalika alikuwa daktari Mwingereza aliyefanya kazi Afrika Mashariki karibu miaka 30, Hugh Trowell.

Alizaliwa 1904, akasomea udaktari London katika hospitali ya St Thomas. Mwaka 1929 alikuja Kenya na mkewe Margaret, msanii ambaye baadaye alianzisha shule ya sanaa ya Makerere. Mwaka 1935 wakahamia Uganda. Trowell akawa daktari wa hospitali ya Mulago, Kampala, na mwalimu wa wanafunzi wa udaktari.

Watoto wasio na jina

Wodini aliwakuta watoto wa mwaka mmoja hadi minne hivi. Miguu na uso vimevimba, ngozi inabanduka kama iliyoungua, nywele nyepesi zenye wekundu. Wamenuna, hawataki kula, hawataki kuguswa. Wengi walikufa.

Ishu ikawa: kwenye fomu aandike nini? Kila daktari wa enzi hizo alikuwa na lake. Huyu aliandika safura, yule malaria, mwingine kaswende ya kurithi. Kwa hiyo watoto wenye ugonjwa mmoja waligawanywa kwenye mafungu manne matano, na ukifungua ripoti ya mwaka, ugonjwa wenyewe haupo. Usipohesabiwa, serikali haina sababu ya kuutengea hata senti.

Kumbe upande wa pili wa Afrika kulikuwa na mtu aliyeshaanza kuufumbua. Dk. Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alikuwa akiwatibu watoto wa Accra, Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1933 alichapisha maelezo ya ugonjwa huu na kuuhusisha na watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi mtupu. Mwaka 1935, katika jarida la Lancet, akaupa jina ambalo akina mama wa Kiga walikuwa wakilitumia wenyewe: kwashiorkor. Ni ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa titini mdogo wake anapokuja. Sisi tunauita kwashiakoo.

Wakubwa hawakumsikiliza. Hugh Stannus, bingwa aliyewahi kufanya kazi Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, alisema hiyo si mpya, ni pelagra tu, ugonjwa wa kukosa vitamini.

Trowell naye aliingia mkumbo huo

Mwaka 1937 Trowell alichapisha makala kuhusu watoto hawa wa Afrika Mashariki. Jina alilotumia? Pelagra. Mwaka 1940 bado alikuwa akiuita pelagra ya watoto wadogo.

Lakini pelagra ina dawa yake, vitamini ya niasini. Mgonjwa wa pelagra akipewa, anapata nafuu haraka. Watoto hawa walipewa na bado walikufa. Hapo ndipo jina lilipoanza kuyumba. Kama dawa ya ugonjwa haimponyi mgonjwa, basi huenda ugonjwa wenyewe siyo huo.

Trowell hakung'ang'ania heshima yake. Mwaka 1944 aliachana na pelagra na kuandika kwamba hii ni aina kali ya utapiamlo, akaweka na jina la Cicely Williams pembeni. Mwaka 1945 alichapisha utafiti mwingine pamoja na daktari Mganda, Eria Muwazi. Muwazi alijua lugha na maisha ya wazazi waliokuja wodini. Na Waganda nao walikuwa na jina lao, obwosi, ugonjwa wa mtoto ambaye mama yake amebeba mimba nyingine.

Tazama hapo. Accra, Buganda na pwani ya Waswahili hawakukaa kikao kimoja, lakini wote waliona kitu kilekile: mtoto anaanza kuharibika pale mdogo wake anapokuja. Walichotofautiana na hospitali ni sababu. Mtaani iliitwa mwiko. Wodini ikaonekana ni chakula: maziwa ya mama yamekatika ghafla, na sahani imebaki na wanga mtupu.

Mwaka 1948 mtaalamu wa Mulago, J.N.P. Davies, alieleza kilichoonekana ndani ya miili ya watoto waliokufa: ini limejaa mafuta, kongosho limesinyaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 maziwa ya unga yasiyo na mafuta yakawa tiba kuu Mulago. Mwaka 1954 Trowell, Davies na R.F.A. Dean walitoa kitabu kizima, kichwa chake Kwashiorkor. Neno la akina mama wa Accra likawa limeingia rasmi kwenye udaktari wa dunia.

Kutoka jina hadi namba

Ugonjwa ukishakuwa na jina, unaweza kupewa namba. Katika toleo la tisa la orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD, kwashiakoo ilikuwa 260. Toleo la kumi, lililopitishwa 1990, liliipa E40. Mtoto aliyekonda akabaki mifupa na ngozi ni E41. Aliye na yote mawili, E42. Aliyedumaa kwa sababu ya utapiamlo ni E45. Na yule ambaye haongezeki uzito huku sababu bado haijajulikana anawekwa R62.8.

Hiyo R ina maana kubwa. Ni fungu la dalili, siyo la ugonjwa. Ni sawa na daktari kusema: mtoto hakui, bado tunatafuta kwa nini. Inaweza kuwa njaa, kifua kikuu, VVU, moyo au minyoo. Kuiacha R bila kutafuta ni kurudi kulekule alikoanzia Trowell.

Na kuna mtego mwingine. Mtoto mwenye utapiamlo mara nyingi hafi kwa njaa yenyewe. Anamalizwa na nimonia au kuhara. Aliyejaza fomu akiandika nimonia tu, utapiamlo unapotea kwenye hesabu. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya vifo vya watoto chini ya miaka mitano vinahusiana na lishe duni. Mstari mmoja uliosahaulika kwenye kitabu cha MTUHA siyo jambo dogo.

Hakupatia kila kitu

Trowell na wenzake waliamini kiini ni upungufu wa protini. Baadaye wazo hilo lilipingwa vikali. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika Lancet kwamba dunia imepoteza nguvu nyingi ikifukuzana na protini peke yake, wakati watoto wengi wanakosa chakula kwa ujumla. Hadi leo wanasayansi wanabishana kwa nini mtoto mmoja anavimba na mwenzake anakonda kwa lishe ileile.

Lakini somo la chakula halikufa. Mwaka 1965 Mulago ilifungua kituo cha Mwanamugimu, ambako mama alifundishwa kupika mchanganyiko wa vyakula vya kwao badala ya kusubiri maziwa ya kopo. Kwa Mtwara hesabu hiyo si ngumu kuielewa. Uji wa muhogo peke yake unashibisha tumbo lakini haumkuzi mtoto. Ukiongezewa dagaa waliosagwa, karanga au kunde, ni habari nyingine.

Trowell aliondoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1950, akawa kasisi wa Kanisa la Anglikana huko Uingereza. Hata hivyo udaktari haukumtoka. Akiwa na Denis Burkitt, rafiki yake wa Uganda, aliandika kuhusu hatari ya vyakula vilivyokobolewa na umuhimu wa nyuzinyuzi. Alifariki 1989.

Leo muuguzi anazungusha utepe kwenye mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, ni nyekundu, huyo ni utapiamlo mkali. Akiwa na uvimbe wa miguu yote miwili, hata kama utepe unasoma kijani, bado ni utapiamlo mkali. Anatakiwa kutibiwa siku hiyohiyo.

Mama anayeambiwa mtaani kwamba kambemenda mwanawe anaweza kumficha ndani kwa aibu hadi maji yamfike shingoni. Akiambiwa ni kwashiakoo, anajua ni ugonjwa kama mwingine, una tiba, na kosa si lake. Ndiyo maana jina lilistahili kuhangaikiwa miaka yote ile.