Lionel Hampton: Bendi Iliyokuwa Shule

Najua wengi wenu mlitarajia nimwandike Fadhili William au Daudi Kabaka. Safari hii nimemchagua Mmarekani mweusi, Lionel Hampton, bingwa wa vaibrafoni. Sababu yangu ni kwamba bwana huyu hakujifunza peke yake, wala alichojifunza hakukila peke yake.

Vaibrafoni ni kitu gani? Marimba mnayajua. Sasa ondoa vipande vya mbao, weka vya chuma, uvipange kama vibao vya piano. Chini ya kila kipande kuna mrija, na mdomoni mwa mrija kuna kisahani kinachozungushwa na mota ya umeme. Ndiyo maana sauti yake hutetemeka kama ya mtu aimbaye. Mikono hupiga kwa vijiti na mguu hukanyaga pedali ya kuachilia au kuzima mlio. Si mchezo!

Hampton alizaliwa Louisville, Kentucky, tarehe 20 Aprili 1908, akalelewa na nyanya yake. Aliyemfunza ngoma mwanzoni alikuwa mtawa wa Kikatoliki huko Kenosha, Wisconsin. Jamani, sista mpiga ngoma! Baadaye mjini Chicago alijiunga na bendi ya vijana waliouza gazeti la Chicago Defender, na mpiga ngoma Jimmy Bertrand akamwonyesha zailofoni.

Elimu hiyo ilimfaa tarehe 16 Oktoba 1930, mjini Los Angeles. Alikuwa akipiga ngoma katika bendi iliyomsindikiza Louis Armstrong kurekodi. Studioni mlikuwa na vaibrafoni imekaa tu pembeni, maana enzi hizo ilitumika hasa kupiga noti chache za kutambulisha vituo vya redio. Armstrong akamwuliza kama anaweza kuipiga. Hampton akashika vijiti, wakarekodi "Memories of You", na vaibrafoni ikapata mlango wa kuingilia katika jazi.

Mwaka wa 1936 Benny Goodman, Mzungu mpiga klarineti aliyevuma sana, alikwenda kumsikiliza, na kabla ya mwaka kwisha Hampton akawa mtu wake. Goodman na Gene Krupa walikuwa weupe, Hampton na Teddy Wilson weusi, wanne hao jukwaa moja. Msione ni jambo dogo. Marekani ya wakati ule ilikuwa na mahoteli na mikahawa ambayo mtu mweusi hakuruhusiwa kukanyaga. Tarehe 16 Januari 1938 walipiga pamoja Carnegie Hall, New York.

Mwaka wa 1940 alianzisha bendi yake, na hapa ndipo ninapompendea. Bendi ile iligeuka shule. Walipitia humo Dexter Gordon, Dinah Washington, Charles Mingus, Wes Montgomery na Clifford Brown. Quincy Jones naye, huyo aliyekuja kutayarisha "Thriller" ya Michael Jackson mwaka wa 1982, alipanda basi la bendi akiwa mwanafunzi wa miaka kama 15, tayari kusafiri. Bi. Gladys, mkewe Hampton aliyeshika hesabu zote, akamteremsha: kijana arudi shule amalize kwanza! Quincy alirudi mwaka wa 1951 akiwa na miaka 18, na safari hii basi liliondoka naye.

Lakini tusimpake asali tu. Wanamuziki wake kadhaa walilalamika kwamba mshahara ulikuwa mdogo mno. Naona walikuwa na haki. Elimu hailipi kodi ya nyumba.

Januari 1997 moto uliteketeza vitu vyake nyumbani New York, naye akasalimika. Alifariki tarehe 31 Agosti 2002, akiwa na miaka 94. Tayari mwaka wa 1987 Chuo Kikuu cha Idaho kilikuwa kimeipa shule yake ya muziki jina la Lionel Hampton. Tamasha la jazi la chuo hicho nalo lina jina lake, na wanafunzi wa shule mbalimbali huja kupiga mbele ya mabingwa na kufunzwa nao.